Mkate wa Wagibeoni

Ndugu zangu mnaoandika programu, ninyi mlioko Mbulu mjini, Dongobesh, Haydom na Katesh, na ninyi mliozaliwa huko mkaenda kutafuta elimu na riziki Arusha na Dodoma, nawasihi mnipe nafasi. Somo langu limetoka kitabu cha Yoshua, sura ya 9. Nalileta kwenu kwa sababu ya kitufe kimoja mnachokiweka kwenye fomu zenu bila kukitafakari: kile kinachosema "Pakia kiambatisho".

Habari yenyewe mnaijua. Wagibeoni walisikia yaliyoipata Yeriko na Ai, wakaingiwa na hofu. Wakavaa nguo kuukuu na viatu vya viraka, wakapakiza juu ya punda magunia yaliyochakaa na viriba vilivyopasuka, wakabeba mkate mkavu ulioota ukungu, wakamwendea Yoshua kambini Gilgali. Wakadai wametoka nchi ya mbali sana. Na ushahidi wao ulikuwa ule mkate: walipoondoka nyumbani ulikuwa bado wa moto, na sasa utazameni. Wakuu wa Israeli wakautazama, wakaridhika, wakafanya agano nao kwa kiapo. Siku 3 baadaye wakagundua kwamba wageni wale ni majirani wa hapo hapo. Kiapo kilikuwa kimekwisha kutolewa, wala hakikuweza kurudishwa.

Kuna jambo moja humo ambalo wahubiri wengi hulipita haraka, nami nataka tulikalie. Wakuu wale walikagua. Hawakumpokea mgeni macho yamefumbwa. Walikagua vizuri tu, ila walikagua kile ambacho mgeni mwenyewe alikuwa amekiandaa ili kikaguliwe.

Hivyo ndivyo mnavyofanya, wanangu. Faili linapoingia kwenye seva kupitia PHP, linakuja na maelezo yake ndani ya $_FILES. Humo mna jina la faili na aina yake. Jina limeandikwa na anayetuma. Aina nayo imeandikwa na anayetuma. Mtu mwenye nia mbaya hahitaji hata kivinjari; kwa amri moja ya curl anaweza kuchukua faili la PHP akaliita picha ya JPEG, na seva yako itapokea maneno hayo kama yalivyo. Wewe unayetumia Laravel, getClientOriginalName(), getClientOriginalExtension() na getClientMimeType() zote zinakurudishia maneno ya mgeni. Halafu naona msimbo unaosema: kama aina ni image/jpeg, hifadhi. Mmeugusa mkate, mmeridhika, mmekula kiapo!

Na kiapo hicho gharama yake ni nini? Faili lenye mstari mmoja wa PHP, mstari unaochukua maneno kutoka kwenye anwani ya ukurasa na kuyafanya amri ya seva, likishakaa mahali panapofikika kwa kivinjari, seva si yako tena. Mvamizi atasoma .env, na ndani ya .env mna nywila ya hifadhidata, nywila ya barua pepe na ufunguo wa programu nzima. Atachukua orodha ya wanachama, atachukua viambatisho vyote, atabadilisha atakacho, na ataacha milango mingine 2 au 3 ili ukiziba mmoja arudi kwa mwingine. Yote hayo kwa sababu ya fomu iliyokusudiwa kupokea picha ya pasipoti.

Msiniambie haya ni mambo ya Ulaya. Mwaka 2017 serikali yetu ilizindua tovuti za mikoa na za halmashauri zote 185, na kwa mara ya kwanza mtu wa Basotu au wa Daudi akaweza kusoma tangazo la halmashauri yake bila kupanda gari. Ilikuwa kazi njema. Sasa, mkipakua nyaraka kutoka tovuti nyingi za halmashauri nchini, tazameni anwani ya faili: mtaona storage/app/uploads/public. Mpangilio huo wa folda ni wa October CMS, mfumo wa PHP uliojengwa juu ya Laravel. Na mwaka huo huo wa 2017, watafiti wa usalama walionyesha kwamba October CMS toleo la 412 lilikuwa na kasoro mahali hapa hapa ninapopahubiri.

Kasoro ilikuwa hivi. Waandishi wa mfumo ule walijua hatari. Walikuwa wameweka orodha ya viendelezi vinavyokataliwa, yaani herufi zile zinazofuata nukta ya mwisho ya jina la faili. Faili la .php lilikataliwa. Lakini orodha ya wanaokataliwa haikamiliki kamwe, kwa maana ukoo wa PHP ni mkubwa: kuna php5, php7, pht, phtml, phar. Mtumiaji mwenye ruhusa ya kupakia picha aliweza kupakia faili lenye kiendelezi cha php5, na pale ambapo seva ilikitambua, likaendeshwa. Tena faili la .htaccess lenyewe liliweza kupakiwa. Wanaoijua Apache wameshaelewa uzito wa jambo hilo: .htaccess ndilo linaloiambia seva namna ya kuitendea folda. Mgeni anayeruhusiwa kuliweka ameruhusiwa kuandika sheria za nyumba.

Kasoro hizo zilikwisha kurekebishwa, na sisemi kwamba halmashauri yoyote iliingiliwa. Nasema kwamba programu ya aina ile ile tunayotumia kutangaza nafasi za kazi ilikuwa na udhaifu huu, na ilikuwa imeandikwa na watu hodari kuliko wengi wetu. Basi wewe ambaye fomu yako umeitoa kwenye video ya dakika 12, una ujasiri gani wa kulala usingizi?

Mwaka uliofuata lilitokea kubwa zaidi. Oktoba 2018, Larry Cashdollar wa kampuni ya Akamai alitangaza udhaifu katika programu ya kupakia mafaili iitwayo jQuery File Upload, ambayo hutumia PHP upande wa seva. Programu hiyo ilipendwa mno. Kwenye GitHub ilikuwa imenakiliwa zaidi ya mara 7,800 na watu walioijenga ndani ya miradi yao. Ulinzi wake wote dhidi ya mafaili ya PHP ulitegemea faili la .htaccess lililowekwa ndani ya folda ya mapakio. Lakini tangu Apache 2.3.9, iliyotoka 2010, seva ile kwa kawaida yake iliacha kuyatii mafaili ya .htaccess mpaka msimamizi aagize hivyo. Kwa miaka 8 mlinzi amesimama mlangoni, wala hakuna anayemsikiliza, na waandishi wa programu duniani kote waliendelea kuinakili wakiamini wamelindwa. Nani alikuwa amejaribu kupakia faili la PHP ili aone kama kweli linakataliwa? Jaribio hilo halimalizi hata dakika 5. Nawaomba, nawasihi, lifanyeni kwenye mfumo wenu wenyewe kabla mtu mwingine hajawafanyia!

Sasa nisikilizeni kwa makini juu ya kinachopaswa kutendwa, maana mhubiri anayekemea bila kuonyesha njia anawatesa watu bure.

Anza na orodha ya wanaoruhusiwa, wala usiandike orodha ya wanaokataliwa. Kama fomu inataka cheti, ruhusu PDF, JPG na PNG, basi. Kisha soma yaliyomo ndani ya faili lenyewe. PHP ina finfo, inayotazama baiti za mwanzo na kukuambia hili ni nini hasa. Katika Laravel, kanuni ya mimes inafanya kazi hiyo, inasoma yaliyomo. Ila haihakiki kiendelezi alichokiandika mtumaji, kwa hiyo iweke pamoja na kanuni ya extensions. Hapa wengi hukomea, na hapa ndipo naomba msikomee. Picha halali kabisa ya JPEG, inayofunguka na kuonyesha sura ya mtu, inaweza kubeba msimbo wa PHP katika sehemu yake ya maelezo. finfo itasema ni JPEG, nayo itakuwa imesema kweli. Lakini seva huamua kuliendesha faili kwa kufuata jina lake. Picha hiyo ikihifadhiwa kwa jina linaloishia na .php, msimbo ule utaendeshwa. Kwa sababu hiyo jina la mtumaji litupe. Toa jina jipya wewe mwenyewe, la herufi za kubahatisha, na kiendelezi kitoke katika orodha yako. Jina la asili, kama mtumiaji anahitaji kuliona, liandike kwenye hifadhidata kama maneno tu. Na usidhani store() ya Laravel peke yake, bila kuhakiki kwanza, itakuokoa: inatoa jina la kubahatisha, ni kweli, lakini kiendelezi inakikisia kutoka yaliyomo, na yaliyomo yakiwa PHP unaweza kujikuta umehifadhi PHP.

Picha zichore upya. Ifungue kwa GD, igeuze isimame sawa kufuata alama ya mwelekeo iliyoandikwa na simu, ihifadhi kama picha mpya, ile ya asili ifute. Msimbo uliofichwa kwenye maelezo hautavuka. Na kuna faida nyingine ambayo wachache huikumbuka: simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, kwa latitudo na longitudo. Mama wa Endagikot aliyepigwa picha nyumbani kwake ili apeleke malalamiko, ukiiweka picha ile mtandaoni kama ilivyo, umemchorea anayemtafuta ramani ya kumfikia. Picha za SVG zikatae kabisa, maana SVG hubeba JavaScript; Laravel 12 yenyewe imeacha kuzihesabu kama picha katika kanuni ya image mpaka uombe. PDF haichoreki upya kwa urahisi, kwa hiyo itoe kama faili la kupakuliwa tu, isifunguke ndani ya ukurasa wako.

Halafu mahali pa kuhifadhi. Hili ndilo ninalolia nalo usiku na mchana. Folda ya public ya Laravel ni ya vitu ambavyo dunia nzima inaruhusiwa kuviona: nembo, fomu tupu, tangazo la zabuni. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa watu hakina mahali humo. Kiweke kwenye diski ya faragha, kitoke kwa njia ya kontrola inayouliza kwanza: wewe ni nani, na hiki ni chako? Katika October CMS nako, pembeni ya uploads/public ipo uploads/protected, na imewekwa kwa kazi hiyo. Lakini nimeona jambo linalonitia uchungu. Kijana ananunua hosting ya bei nafuu yenye cPanel, anaumwaga mradi wote ndani ya public_html, tovuti inafunguka, anashukuru Mungu, analipwa, anaondoka. Kwa kufanya hivyo kila folda aliyoiita ya faragha imekuwa chini ya anwani ya wavuti, na .env pamoja nayo, na kinachozuia dunia kuisoma ni mistari michache ya .htaccess, kama ipo. Elekeza tovuti kwenye folda ya public peke yake, mradi uliobaki ukae juu yake. Kwenye folda ya mapakio, iambie Nginx au Apache isiendeshe PHP hata kidogo. Kama mwenye hosting hakuruhusu hayo, hama. Mteja atakayelalamika kwa tofauti ya bei, mweleze kinachonunuliwa kwa tofauti hiyo.

Na sasisheni! Machi 2025 ilitangazwa kasoro ndani ya Laravel yenyewe, CVE-2025-27515: aliyehakiki mafaili mengi kwa pamoja kwa kutumia files.* aliweza kurukwa na ombi lililotengenezwa kwa hila. Dawa ilitoka katika 11.44.1 na 12.1.1. Mfumo uliokabidhiwa miaka 4 iliyopita na haujaguswa tangu siku ile haujaipata dawa hiyo, na ninyi wenyeviti wa SACCOS, ninyi makatibu wa AMCOS za ngano na vitunguu saumu, ninyi mnaosimamia shule na zahanati, hapa nawageukia. Mlilipa mfumo ujengwe, mkakataa kulipa utunzwe. Trekta mnalipeleka sevisi. Hili nalo lina sevisi yake, na anayewaambia haina anawadanganya.

Kwa nini napaza sauti namna hii? Kwa sababu nawajua wanaopakia mafaili hayo. Nendeni steshenari yoyote ya Katesh msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu. Mtamkuta binti ametoka kijijini asubuhi, cheti chake cha kuzaliwa kimefungwa kwenye nailoni, cha kidato cha nne na cha sita viko chini yake, barua ya mtendaji wa kijiji imekunjwa mara 4. Analipia kila ukurasa unaoskaniwa. Anakabidhi kila alichonacho cha kumtambulisha duniani kwa mtu asiyemjua, ili mtu huyo akipakie kwenye mfumo wa watu wengine asiowajua. Hana uwezo wa kukagua msimbo wenu. Anaamini tu kwamba huko upande wa pili yupo mtu mwenye kumcha Mungu.

Kumbukeni alfajiri ya Jumapili, 3 Desemba 2023. Sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka kwa mvua, tope na mawe na magogo yakashuka juu ya Katesh na Gendabi na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafa. Nyumba zilizokwenda zilikwenda na vilivyomo. Kwa aliyetoka kwenye tope na nguo aliyovaa, nakala ya cheti iliyowahi kupakiwa kwenye mfumo fulani inaweza kuwa ndiyo nakala aliyobaki nayo. Mvamizi akifuta folda ile, au akiifunga kwa fumbo na kudai fedha, amemzika mtu yule mara ya pili. Kwa hiyo wekeni nakala rudufu nje ya seva, na mara kwa mara jaribuni kuirejesha.

Fikirini pia vikundi vya akina mama, vijana na wenye ulemavu vinavyoomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Wanatoa katiba, majina, namba za NIDA, namba za akaunti ya benki. Mikononi mwa tapeli, bahasha hiyo inatosha kuwapigia simu mmoja mmoja kwa jina na kuwaambia mkopo umetoka, tuma kwanza ada ya usajili.

Usalama usiwe kisingizio cha kuwafukuza watu hawa mlangoni. PHP ikiachwa kama ilivyokuja hupokea faili lisilozidi megabaiti 2, na picha ya simu ya kawaida leo mara nyingi inazidi hapo. Mbaya zaidi, ombi zima likipita post_max_size, ambayo kwa kawaida ni megabaiti 8, PHP hukupa $_POST na $_FILES zikiwa tupu, na programu isiyojua hilo humwambia binti yule kwamba hakujaza jina lake. Atajaza tena, kwa bando lake, kwa mtandao unaokatika, na ataambiwa vile vile. Wekeni kikomo kinachoendana na simu za watu, kipunguzeni kisivuke mahitaji, na kosa likitokea mwambieni kwa Kiswahili cha wazi: faili lako ni kubwa mno, lisizidi kiasi hiki.

Wako wanaosema, nani atahangaika na mfumo mdogo wa Dongobesh? Hakuna anayehangaika. Ni programu zinazotembea zenyewe, zinapapasa anwani moja baada ya nyingine duniani kote zikitafuta fomu ya kupakia isiyokagua, na hazijui Dongobesh ni wapi wala hazina haja ya kujua. Na wako wanaosubiri sheria iwalazimishe. Sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa 2022, ikaanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake inafanya kazi. Anayekusanya taarifa za watu anawajibika kuzilinda, na mfumo kuwa mdogo hakumwondolei wajibu huo. Lakini ningesikitika kama mngesubiri faini ndipo mtende lililo haki kwa jirani.

Basi ndugu yangu, leo hii, kabla hujalala, ingia kwenye seva unayoisimamia. Tafuta ndani ya folda za mapakio kila faili linaloishia na php, php5, phtml au phar, na kila .htaccess ambalo hukuliweka wewe. Ukilikuta, usilifute kwa hofu. Itoe tovuti hewani, chukua nakala ya faili hilo na ya kumbukumbu za seva, badilisha kila nywila iliyomo ndani ya .env, toa taarifa TZ-CERT, timu ya taifa ya matukio ya usalama wa mtandao, na mwenye mfumo mwambie ukweli wote bila kupunguza. Ukikosa kukuta kitu, mshukuru Mungu, kisha vyeti vya watu vihamishe nje ya folda ya public usiku huu huu.